Pini ya Mtandio na Dole Gumba Langu

Dada uliyebandika kucha, hebu geuza mkono. Usitazame juu, huko kunang'aa tu. Tazama kwa chini, pale ukucha wako mwenyewe unapokutana na ule wa bandia. Kama unaona mstari mweusi, au wa kijani, au unasikia harufu usiyoielewa, na mkono wa pili tayari umeshika pini, basi iweke hiyo pini chini kwanza usome haya. Mimi yameshanipita, alhamdulillahi, na nimekaa kuyaandika kwa sababu wakati yakinipata sikuwa na wa kumuuliza. Au niseme kweli: wa kuwauliza walikuwepo, niliona haya.

Naitwa Salha. Kazi yangu ni kuchora hina na piko, ile rangi nyeusi, nyumbani kwetu Mkunazini, katika chumba cha mbele. Maharusi wengi wa Mji Mkongwe na wa Ng'ambo wamenyoosha mikono yao juu ya mapaja yangu. Koni ya hina hubanwa na dole gumba la kulia. Vidole vingine vinashikilia tu. Gumba ndilo linaloamua mstari uwe mwembamba au mnene, uende au usimame. Miaka yote hiyo sikuwahi kulifikiria. Nililifikiria pale niliposikia kwamba huenda likakatwa ncha.

Kucha zenyewe nilibandika mwezi wa Shaabani, kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu Rahma. Alinibandika Bi Nargis, mama wa Kihindi mwenye saluni ndogo Kiponda, tunayejuana naye tangu mimi msichana. Alizifanya kwa utulivu, ukucha baada ya ukucha, na alipomaliza akanishika kidole ili nimsikilize.

"Salha, chini hapa uchafu utaingia, tena wewe na hina yako utaingia zaidi. Chukua mswaki laini, ule wa mtoto, na maji ya vuguvugu na sabuni. Elekeza vidole chini, piga mswaki polepole, suuza, kisha kausha vizuri. Usichokoe na kitu chenye ncha. Wiki tatu zikifika njoo nizitoe mwenyewe, usizing'oe."

"Haya, Bi Nargis," nikasema, nami nazitazama kucha zangu. Sikusikia hata nusu.

Harusini nilimchora Rahma kwa kucha zile ndefu, na wageni walikuwa wakitazama mikono yangu kuliko mikono ya bibi harusi. Nilifurahi, nakiri. Mimi ni mtu wa miaka thelathini na minne, mikono yangu imekuwa na madoa ya hina tangu ujana, na siku ile nilijiona nina mikono ya mtu aliyetulia. Mama mkwe wangu, Bi Zuwena, ambaye tunakaa naye nyumba moja, aliniuliza swali moja tu.

"Salha, kucha hizo zitaingia Ramadhani?"

"Hapana mama, ntazitoa."

Ramadhani iliingia na kucha zikaingia nayo. Kila nikitaka kwenda Kiponda nilijipatia udhuru: jua kali, funga, nyumba ina kazi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nazipenda.

Kosa langu lilianzia hapa, na sidhani kama daktari wa nchi nyingine angelibahatisha. Nilijua kinachosemwa, kwamba kitu kinachozuia maji kufika kwenye ukucha kinaharibu udhu. Mimi si mwanachuoni, na wewe ukitaka kujua waulize wanaojua. Lakini mimi sikuuliza. Nilijitolea fatwa mwenyewe: ikiwa maji hayapiti juu, basi yapite chini. Nikisafisha chini ya ukucha mpaka mwisho kabisa, maji yataingia kwa upande huo na dhamiri yangu itatulia. Kwa hiyo kabla ya kila udhu nilichomoa pini ya mtandio wangu, nikachokoa kidole kimoja kimoja. Kila sala, kila siku.

Vidole vya kushoto nilivichokoa kwa mkono wa kulia, mkono wenye akili. Vya kulia nilivichokoa kwa kushoto, ambao hata kijiko haujui kukishika. Pini ikawa inakwenda mbali kuliko nilivyokusudia. Iliuma kidogo, na lazima niseme kwamba yale maumivu yalinipa raha fulani, kana kwamba nalipia ukaidi wangu palepale na hesabu imekwisha.

Karibu na katikati ya Ramadhani pini iliingia kwenye gumba bila kuzuiwa na kitu. Ukucha ulikuwa umeachana na nyama, pamekuwa na mfuko, na maji ya udhu yakiingia hayatoki. Siku chache baadaye nikaona rangi ya kijani kama ya sufuria ya shaba iliyosahauliwa nje. Nilishtuka, nikaufanya ujinga wa pili: nikaung'oa ule ukucha wa bandia kwa meno, ukaja na ganda la juu la ukucha wangu. Kisha nikafanya wa tatu, ambao mchora hina tu ndiye angeufanya. Kwetu hina ni dawa ya kucha, bibi zetu walijipaka ukucha ukiuma. Nikakoroga hina na ndimu, nikalizika gumba zima mpaka kifundo, nikalifunga kwa kitambaa. Nilipolifungua lilikuwa jeusi tii. Hakuna aliyeweza kuona kitu hapo, hata mimi mwenyewe, na kusema kweli ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Wiki ya mwisho ya Ramadhani ndiyo wiki yetu wachoraji. Wanawake na mabinti hujaa chumbani kwangu mpaka ngazini kwa ajili ya Idd. Nilimkalisha wa kwanza, nikabana koni, na maumivu yakapanda mpaka begani. Ua nililolianza kwenye kifundo cha mkono wake likavimba likawa dimbwi. Nikalifuta, nikaanza tena, likavimba tena. Nikawaambia wote waende kwa mtu mwingine, nikafunga mlango, nikalia.

Mume wangu Khamis, ambaye ana karakana ya viyoyozi Mtoni, aliporudi alinikuta hivyo.

"Umefanyaje?"

"Gundi," nikasema. "Gundi ya Nargis imeniunguza."

Lilinitoka kirahisi hivyo. Bi Zuwena alikuwa mlangoni, akalisikia. Kesho yake alivaa baibui, akaenda Kiponda, akasimama kwenye mlango wa saluni na kumwambia Bi Nargis maneno mbele ya wateja wake. Aliporudi alinisimulia yote kwa fahari, ili kunifariji, nami nikamwacha aamini.

Nilikwenda hospitali Idd ilipokwisha, gumba limevimba kama andazi. Kama hujawahi kukaa kwenye lile benchi, nikwambie: unafika mapema, unapewa namba, na watu wote wanatazama pale ulipofunga kitambaa. Mwanamke mmoja aliniuliza kama nimeungua na mafuta. Nikasema ndiyo. Siku zile nilikuwa nasema ndiyo kwa kila kitu isipokuwa ukweli.

Wakanipima sukari, haikuwepo. Daktari alikuwa msichana mdogo kuliko mimi, anaitwa Dokta Wahida. Alilishika gumba akaligeuza kwenye mwanga.

"Hii rangi ni ya ugonjwa au ya kwako?"

"Ya hina, dokta."

"Sasa mie ntaonaje wekundu umefika wapi?"

Akabonyeza taratibu kutoka kifundoni kwenda juu, macho yake yakiwa usoni kwangu badala ya kwenye kidole. Nilipokunja uso akajua. Akaniuliza kama nimechokoa na kitu chochote. Nikasema hapana, ni gundi. Akaniandikia vidonge, akasema nirudi baada ya siku tatu.

Siku tatu zilipofika gumba lilikuwa limezidi. Wakalipiga eksrei. Dokta Wahida aliitazama picha muda mrefu, kisha akavuta kiti akakaa karibu yangu, na mtu akivuta kiti unajua.

"Kwenye mfupa wa nchani pana alama. Pengine uchafu umeanza kuingia, pengine siyo, picha hii hainambii. Leo tunautoa ukucha, tunasafisha. Utakunywa dawa kali na kuja kusafishwa kidonda kila baada ya siku moja. Baada ya wiki sita tunapiga tena. Mfupa ukiwa umeharibika, itabidi ncha ikatwe ili tuuokoe mkono."

"Mie mchora hina," nikamwambia, kana kwamba hilo lingebadilisha kitu.

"Nnaona," akasema.

Sindano ya ganzi ndiyo iliyouma kuliko yote. Tukawa tunangoja ikolee, mimi na yeye, muuguzi ametoka kidogo. Akaniuliza tena, kwa sauti ya chini.

"Salha, mie nami mwanamke, na mie nami nnasali. Ulichokoa?"

Nililia, nikamwambia. Pini ya mtandio, kabla ya udhu, kila mara. Hakucheka wala hakunikemea. Aliandika kila kitu, kisha akasema, "Ungenambia siku ile ningekupiga sindano ya pepopunda, na ningejua kidonda kinakwenda ndani. Nilitibu kitu cha juu juu." Ikabidi nipigwe sindano nyingine mkono wa pili. Nakuomba wewe unayesoma, hata kama unaona haya kiasi gani, daktari mwambie.

Masika yalianza wiki ile ile, na mimi masika ya mwaka huu nayakumbuka kwa bandeji. Siku moja kusafishwa, siku moja kupumzika, baibui limeloa, mkono nimeuvalisha mfuko wa nailoni usiingie mvua. Ngozi ya gumba ilibambuka yote na hina yake. Chini yake ikatoka nyama nyekundu isiyo na kitu juu yake, na sikudhani kwamba kukosa ukucha kunamfanya mtu ajione uchi. Nilikuwa naificha hata kwa Khamis.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu. Mkono wa kushoto hauoshi sufuria, haufungi kifungo, hauchani nywele. Rahma alikuja kunifulia, bado ana hina ya harusi kwenye kucha, nami nikamfokea kwa sababu ya maji kidogo aliyoyamwaga. Akaondoka akilia. Khamis alivumilia, kisha siku moja akasema, "Kucha, Salha. Kwa sababu ya kucha." Akachukua ndoo ya nguo zilizobaki, akapanda darini kuzianika yeye mwenyewe, na majirani wote wanamwona. Nilikasirika naye na kumpenda kwa wakati mmoja.

Bi Zuwena ndiye aliyenishika. Alinikatia chakula, alinisuka, alinimiminia maji ya udhu kwa kopo huku nikipangusa juu ya bandeji kama nilivyoelekezwa. Ilikuwa alasiri moja, kopo mkononi mwake, nilipomwambia. Nilimweleza yote, na kwamba gundi haikuwa na kosa.

Aliliweka kopo chini.

"Mwanangu, ungeniuliza."

"Niliogopa utasema sala zangu zote za mwezi hazikuwa."

"Mie nani hata niseme?" akaniambia. "Ningekwambia toa kucha, bas. Nani kakutaka damu?" Akanishika kichwa akakiegemeza tumboni kwake, na nilikuwa sijashikwa hivyo tangu mama yangu alipofariki. Kisha akakumbuka jambo, akanisukuma. "Na mie nimekwenda kumtukana mwanamke wa watu! Kesho twende Kiponda."

Tulikwenda. Bi Nargis alikuwa peke yake, anapanga chupa zake. Bi Zuwena akamwomba radhi, nami nikamwomba radhi. Alitusikiliza mpaka mwisho.

"Mlinisema mbele ya watu," akasema, "na kunitaka radhi mnakuja hakuna mtu."

Bi Zuwena akavuta kigoda akakaa. "Hao watu wanakuja saa ngapi?" Tukakaa mpaka saluni ikajaa, ndipo mama mkwe wangu akasimama, akarudia radhi yake yote kwa sauti ileile aliyotukania. Wateja walibaki wameduwaa. Bi Nargis alijizuia kucheka akashindwa. Kisha akauchukua mkono wangu wa kushoto, ambao ulikuwa bado na kucha za harusi, akaziloweka kwenye dawa yake mpaka zikaachia zenyewe, bila nguvu, bila maumivu. Akapitisha mswaki laini chini ya kucha zangu halisi, akazikata fupi. Nilitazama jinsi kazi ile ilivyokuwa nyepesi, nikajisikia vibaya sana.

Kwenye benchi la kusafishia vidonda ndiko nilikokutana na Bi Time. Alikuwa mtu wa makamo kutoka Matemwe, mkulima wa mwani. Kamba ya mwani ilimkata kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, naye akaendelea kuingia baharini, na mume wake akafariki kumi la kwanza la Ramadhani, kidole nani atakitazama tena. Sasa alikuwa kwenye eda. Kituo cha afya cha kwao kilimtuma mjini, na binti yake Mwanajuma alikuwa akimleta na kumrudisha, kwa sababu lazima arudi kulala kwake.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba. Wee umeumwa na nini?"

"Na pini, bi."

"Mie na kamba." Akalitazama gumba langu, mimi nikatazama kidole chake. "Tungeweza kusema papa," akasema, "watu wakatuonea huruma zaidi." Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Idd.

Tukawa tunangojana. Anayetangulia anamwekea mwenziwe nafasi. Alitaka kujua kuhusu maharusi wangu wote, nani aliye na ngozi inayoshika rangi, nani alilia, nani alilala. Kisha zikapita siku hakuonekana. Aliporudi, bandeji yake ilikuwa fupi.

"Wamekitoa," akasema. "Kimeshakwenda."

Nikamshika goti. Nilimhurumia, wallahi, lakini huku nikimhurumia nilikuwa nalikunja gumba langu ndani ya kiganja nisilione.

Wiki sita zilipofika nilipiga picha ya pili. Khamis alifunga karakana akaja kukaa nami. Alikuwa akisoma tangazo moja ukutani, analirudia na kulirudia, na mimi nikihesabu vigae vya sakafuni. Dokta Wahida alitoka mwenyewe, hakungoja tuitwe.

"Mfupa mzima," akasema.

Khamis alishuka chini kusujudu palepale baina ya viti, mzee mmoja ikabidi avute miguu. Mimi nilitazama benchini kama Bi Time yupo, na nilipoona hayupo nilishukuru, kwa sababu furaha yangu ilikuwa kubwa na ningeshindwa kuificha.

Ukucha wa gumba huchukua karibu nusu mwaka kurudi. Kipupwe kilipoingia wangu ulikuwa umefika nusu, una makunyanzi, umekaa upande. Hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba upande mmoja wa ncha haukuwa na hisia. Nilibana koni na sikujua ninabana kiasi gani. Nilijifunza juu ya karatasi, mistari mirefu, karatasi baada ya karatasi, nikitumia jicho kufanya kazi ya ngozi. Mistari ilitetemeka. Wateja walipobisha hodi nilisema bado. Kuwa na gumba na kushindwa kulitumia kulinitisha kuliko kisu cha kulikata.

Mwezi wa Muharram Mwanajuma alinipigia simu. Mama yake anatoka eda wiki ile, wanaye watamwogesha, watamfukiza, na anataka hina. Anamtaka Salha.

"Mkono wangu haujakaa sawa," nikamwambia.

"Wa mama nao haujakaa sawa," akanijibu.

Nilikwenda Matemwe asubuhi na koni zangu. Bi Time alikuwa ameshaoga, kavaa kanga mpya, wanja machoni, na sikumtambua kwa uzuri. Alikaa mkekani akanipa mkono wa kulia. Nilianza kiganjani, polepole. Mstari ulipepesuka mara mbili, nikauacha ulivyo. Wanaye walikuwa wakiingia na kutoka na chetezo. Nikamaliza mkono huo kwa muda ambao zamani ningewachora watu watatu.

Akanipa wa kushoto. Nikachora gumba, nikavuka nikaenda kidole cha kati.

"Umeruka," akasema.

"Nini, bi?"

"Hapa." Akaligusa gutu lake, ngozi mpya, nyororo, inayong'aa.

"Hapatauma?"

"Hapaumi. Chora."

Nikaweka ncha ya koni juu yake. Gumba langu halikuhisi kitu na gutu lake, alisema, halikuhisi kitu, na hina ikatoka. Nilichora jani dogo, kisha la pili, nikalizungusha mpaka likakutana na lenziwe. Halikuwa sawasawa. Nilinyoosha mkono kuchukua kitambaa nilifute nianze tena, naye akauvuta mkono wake nisiufikie. Akaliinua lile gutu mpaka karibu na midomo, akalipuliza taratibu likauke.